Chozi wa Bi Mwanakuu

"Mkiangusha chozi hapa, wallahi mtalipa! Mtalipa hapa hapa duniani, wala msingoje akhera!"

Sauti ya Bi Mwanakuu ilipanda na ukuta wa ua, ikapita dirisha la kwanza, ikaingia la pili, ambako Bi Nasiha alikuwa ameketi na wageni. Si wageni wa kuchezewa hao. Walikuwa wakwe watarajiwa, upande wa bwana harusi, wamekuja kupanga mambo ya siku ya hina ya Aida, binti wa pekee wa nyumba ile. Vikombe vya kahawa vikasimama hewani. Mama mkwe akauliza kwa upole, ule upole wa mtu anayeweka akiba ya makosa ya wenzake, "Kwani ni nani huyo?"

Huku chini, Gunga, fundi wa maturubali, alikuwa juu ya ngazi, panga mkononi, mbele ya mkomamanga ulioshika kona moja ya ua.

"Mama, mie nimetumwa tu," alisema.

"Hata Israili mtoa roho hutumwa. Shuka!"

"Turubali halipiti, mama. Tawi hili lanizuia."

"Basi turubali na lizunguke. Mti haukuja harusini, mti ulikuwapo."

Bi Nasiha akatoa kichwa dirishani. Hakuwa amesikia yote, maana nyumba ya jirani ilikuwa ikijengwa na nyundo hazikuwa na adabu. Yaliyomfikia juu ni maneno matatu: chozi, kuangusha, mtalipa. Yakamtosha.

"Bi Mwanakuu, umesemaje?"

"Nimesema mkiangusha chozi mtalipa, na mimi sisamehi mtu!"

Bi Nasiha akashika kifua. Kisha akafunga dirisha kwa kishindo, chokaa ikadondoka. Gunga akashuka ngazi bila kuambiwa mara ya pili. Yeye naye alikwisha kusikia habari za chozi la mjane, na hakutaka kuanza nalo wiki.

Sasa, chozi ni ndege. Mtu aliyezaliwa Mji wa Kale zamani kidogo anamjua, au angepaswa kumjua. Ni kidege kisichojaza kiganja, mgongo wa kijani unaong'aa kama hariri, tumbo la manjano, mdomo mwembamba uliopinda kama sindano iliyokaliwa. Dume ana utepe wa zambarau kifuani, kama bwana harusi asiyevua nguo yake mwaka mzima. Asili yake ni ndege wa msituni, wa miti iliyoshikana matawi hata jua likaomba ruhusa kupita. Ila kwa bahati mbaya jina lake ni lile lile la tone linalotoka jichoni mtu akilia. Na Bi Nasiha alizaliwa na kulelewa Pumwani, Nairobi, akaletwa Mombasa na ndoa, na ndege aliowajua walikuwa kuku, njiwa na kunguru. Alichosikia yeye ni kwamba jirani yake mjane wa nyumba ya chini amesimama uani, wiki ya harusi, wakwe wakisikia, akawaapiza kwa chozi lake. Na chozi la mjane, kama ajuavyo hata mtoto wa chuo cha Kurani, halianguki bure.

Bi Mwanakuu hakujua kabisa kwamba amelaani mtu. Alichojua ni kwamba ameudhiwa, na hilo halikuwa jambo geni maishani mwake.

Alizaliwa Kibokoni, akasoma mpaka darasa la saba, akatolewa na ami yake aliyesema kwamba msichana akishaweza kusoma bili ya stima elimu imetosha. Bili zenyewe akazisoma miaka yote iliyofuata, na kuzilipa, huku ami akizirushia macho tu. Aliolewa na Athmani, kuli wa Kilindini, mtu mwema mwenye kifua kibovu, na kifua kile kikamchukua kabla hajazeeka. Tangu hapo Bi Mwanakuu anaishi na uzi na sindano. Hutunga vikuba. Asubuhi huenda soko la Marikiti kwa majani ya rehani, maua ya asmini huletewa kutoka Likoni, kisha huketi mlangoni pake akashona maua na majani yale yakawa kifurushi kidogo cha harufu, cha mwanamke kujibandika kifuani au nyweleni akienda harusini. Mikono yake ni myepesi. Ulimi wake pia. Watu walikuwa wakisema kikuba cha Mwanakuu hunukia siku nzima, na neno lake hunuka mwaka.

Chozi alimjua alipokuwa edani. Mwanamke wa eda haendi nde ya nyumba, haonekani na wanaume wa kando, hajipambi, hana kazi ila kukaa na msiba wake na kutazama ua. Ndugu walikuja wiki za mwanzo, wakala, wakaondoka. Aliyekuwa akija kila siku ni chozi. Nyuma ya ukuta wakati huo palikuwa na kiunga cha watu wa zamani, mizambarau, mikungu, mimea itambaayo iliyojisokota juu mpaka chini, na humo ndege walikuwa wakizaana kama kwao. Chozi akiruka ukuta, akinyonya maua, akirudi. Bi Mwanakuu alijifunza njia zake bila kutaka, kama mtu anavyojifunza mambo ya jirani.

Kiunga kile kikauzwa. Wenye nacho walikuwa wengi, kila mmoja akitaka fungu lake, na mti haugawanyiki mafungu. Kikafyekwa kwa siku moja. Likajengwa jumba la ghorofa lisilo hata na kopo la rehani kibarazani, na mwenye jumba, bila haya, akaliita Bustani.

"Bustani!" Bi Mwanakuu husema kila akipita. "Ni kama kumla mbuzi, ukamwita mwanao Mbuzi."

Alipotoka edani alipanda mkomamanga pale konani. Ndio mti pekee wa kusemeka katika mtaa ule sasa. Na mwaka huu, mfungo mosi, mwezi wa harusi baada ya Ramadhani, uliangukia masika. Wenye harusi walilalamika kwamba mvua itawaharibia, lakini mvua ndiyo iliyomleta chozi kutaga, maana masika ndiyo wakati wa viwavi na buibui wadogo, na kinda wa chozi halelewi kwa asali ya maua. Hutaka nyama, kama wana wa watu.

Jike ndiye aliyejenga. Bi Mwanakuu alimwona kwa mato yake, vikuba vikingoja. Alikuja mpaka darini mwa baraza, akavuta utando wa buibui, akaenda kuufunga ncha ya tawi. Akarudi. Utando tena, unyasi, jani kavu, ganda la mti, unyoya wa kuku wa mtu. Akashona mfuko unaoning'inia, mlango ubavuni, na juu ya mlango upenu kabisa wa kuzuia mvua, kama nyumba ya mtu mwenye heshima. Nje akauachia majani makavu yananing'inia ovyo, ili apitaye aone takataka zilizonasa, asione nyumba. Tando zile zile za buibui ndizo Bi Nasiha aliwahi kuzisema juu ya ngazi, kwa sauti ya kusudi, "Huku chini hapafagiliwi, buibui tupu." Bi Mwanakuu alimjibu kwamba mwanamke mwenye haya hakosi buibui.

Na dume? Dume aliimba. Jike akiokota utando, dume yuko kileleni anaimba. Jike akipita na unyasi mdomoni, dume anamfuata nyuma, mdomo mtupu, kifua mbele, kama fundi mkuu. Bi Mwanakuu alimtazama siku nyingi. Athmani, Mungu amrehemu, hakuwa hivyo. Lakini ami yake alikuwa hivyo hivyo.

Haki lazima isemwe: makinda walipotoka mayaini, dume alianza naye kuleta viwavi. Na jike alikuwa akiingia kulisha, akitoka na uchafu wa wanawe mdomoni, umefungika kama kifurushi, akaenda kuutupa mbali, asiache harufu ya kuwaita maadui. "Mwatazama?" Bi Mwanakuu aliwaambia ukuta na madirisha. "Ndege hamwagi uchafu wake mlangoni pa mtu. Wengine wana vyoo vya marumaru na bado ndoo ya maji machafu yaja kichwani mwangu."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Gunga alipoweka ngazi. Makinda wawili ndani, wenye midomo mikubwa kuliko akili, bado siku chache waruke. Na watu wanataka kukata tawi kwa ajili ya turubali la jioni moja.

Habari ilizunguka mtaa kabla ya adhuhuri. Mwanakuu amelaani harusi ya Aida. Waliokuwa wameagiza vikuba wakatuma watoto kusema wamebadilisha nia. Nani ajibandike kifuani ua lililoshonwa na mkono wenye chozi? Wanawake wa kualika walipita mlango kwa mlango, kama desturi, wakagonga kwa kulia kwake, wakagonga kwa kushoto, na mlango wa Bi Mwanakuu wakaupita kama ukuta. Hilo alilisikia. Mtu asiyealikwa na jirani wa ua mmoja, huyo ametolewa mtaani angali hai.

Lililomuuma zaidi ni dogo kuliko hilo. Kesho yake asubuhi alikutana na Bi Nasiha mlangoni.

"Salaam alaykum," alisema.

Bi Nasiha akavuta ushungi, akapita.

Bi Mwanakuu akabaki ameshika kikapu chake cha rehani. Kutoa salamu ni suna, kuitika ni faradhi. Hata maadui huitikiana, kisha ndipo wakapigana. Siku iliyofuata akaitoa tena, kwa sauti zaidi. Bi Nasiha akapita. Siku ya tatu aliitoa akiwa amesimama katikati ya njia, tena kamili, na rehema na baraka zake. Bi Nasiha akazunguka.

"Nakudai, Nasiha!" Bi Mwanakuu akamwambia mgongo wake. "Salamu za Mungu hizo, si zangu. Deni lako laongezeka!"

Alipanda ngazi siku ile ile kwenda kusema naye. Hakufika juu. Alikutana na Bwana Zein, mume wa Nasiha, akishuka na mkoba wake wa ofisini. Bwana Zein alikuwa karani wa mizigo Kilindini tangu ujana, na ndege aliyoijua yeye ni ile ya abiria.

"Bi Mwanakuu," alisema kwa upole wa mtu aliyechelewa, "sisi ni majirani. Kama kuna chozi, tuambie tulifute. Nitakununulia leso nzuri, doti nzima."

"Leso! Chozi wangu hafutwi kwa leso!"

"Basi kwa nini?"

"Hafutwi kwa chochote! Aachwe alipo mpaka aruke!"

Bwana Zein akamtazama. "Chozi... aruke?"

"Yeye na wanawe. Siku tano, siku sita, ua wote wenu, mchezee ngoma mpaka mvunjike miguu. Lakini tawi lisiguswe."

Bwana Zein akarudi juu ngazi mbili mbili. Mlango haukufungwa vizuri, na Bi Mwanakuu, aliyesimama pale pale kwa hasira, alisikia kila neno.

"Maskini, amevurugika," Bwana Zein alimwambia mkewe. "Hata ngeli zimemtoka. Chozi wangu, chozi hafutwi, chozi aruke na wanawe. Ni upweke."

Bi Mwanakuu nusura augonge mlango kwa kichwa. Yeye! Yeye aliyekuwa akishika namba ya kwanza Kiswahili darasa la saba, ngeli azijue kama vidole vyake, leo asahihishwe na mtu anayesema "gari yangu"! Alishuka akisonya. Angeweza kurudi, aseme neno moja tu, ndege, mambo yakaisha. Haikumjia kwamba kuna mtu mzima, Mwislamu, mkaazi wa Mombasa, asiyejua chozi ni nini. Alidhani wanajua wote, na wanamfanyia makusudi.

Siku ya hina ilifika na mawingu yake. Bwana Zein, asiyeogopa mambo ya wanawake, alikuwa amemwagiza Gunga amalize kazi alfajiri, tawi na kila kitu, kabla wageni hawajafika. Bi Mwanakuu alilijua hilo bila kuambiwa, akaweka kibao chake chini ya mkomamanga, akaketi na sinia lake la asmini. Gunga akaja, akamwona, akakaa mbali akavuta sigara. Lakini asmini zilizoletwa zilikuwa zimeloa mvua, hazishoneki, na mtu hali hasira. Ikambidi aende Marikiti mbio, aokoe kazi ya siku. Sokoni nako asmini zisizoloa zilikuwa adimu, akazunguka saa nyingi.

Aliporudi tawi lilikuwapo. Alishusha pumzi. Kisha akaona kamba.

Kukata Gunga aliogopa, na kuacha hakuweza. Akafanya lile afanyalo kila fundi aliyebanwa katikati: kona ya nne ya turubali akaifunga kwenye lile lile tawi.

"Gunga! Umefanyani hapa?"

"Sikukata, mama. Nimefunga tu."

"Fungua!"

"Wageni washakaa, mama. Nikifungua lawaangukia."

Na kweli walikuwa washakaa. Mikeka imetandikwa, wapambaji wameshika hina na piko, Aida katikati kwenye mto, mikono na miguu imenyooshwa, nakshi imefika kwenye viwiko. Wakwe wamepewa kona nzuri, upande wa mkomamanga. Kwenye kichochoro masufuria yalikuwa yanatokota, na mapande ya mafuta ya nyama yalikuwa yametupwa ukutani, na kunguru walikwisha kuja. Kunguru wa Mombasa hahitaji kualikwa. Tangu jaa la Kibarani lifungwe, Bi Mwanakuu hudai, wamehamia mjini wote na ukoo wao, na wanajua ratiba za harusi kuliko makadhi. Walijipanga ukutani, vichwa upande, wakitazama nyama, kisha mmoja akaanza kutazama mti.

Bi Mwanakuu akaketi mlangoni pake, hakualikwa, ufagio magotini. Wanawake walimpa kisogo. Mpambaji mmoja alisoma kitu kimya kimya akajipulizia kifuani.

Mvua ikaanza. Ilianza kama mvua ya adabu, ikakolea. Turubali lilikuwa jipya, halipitishi hata tone, na hapo ndipo penye balaa: maji hayakupita, yakakusanyika. Tumbo la turubali likashuka kidogo kidogo upande wa kona ya nne. Kamba ikavuta. Tawi likapinda. Bi Mwanakuu akasimama.

"Gunga! Gunga we! Mwaga maji!"

Gunga alikuwa kichochoroni anakula. Tawi likapinda tena, kile kifuko kikalala ubavu, mlango ukatazama chini. Jike alikuwa ukutani na kiwavi mdomoni, akirukaruka, akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia kwa taarabu. Na kutoka mlango ule wenye upenu kikachungulia kichwa, kikajaribu kushika, kikakosa.

"Chozi ameanguka!" Bi Mwanakuu akapiga ukelele. "Yarabi, chozi ameanguka!"

Hapakubakia mtu aliyekaa. Sinia la hina lilipinduka. Mama mkwe akasema shahada. Mtu akalia "Laana imeshuka!" na mwingine akajibu kwa kilio kikubwa zaidi, bila kujua anachojibu. Bi Nasiha akawatupia wageni mikono kama anayezuia kuku, akaja mbio chini ya mvua, mato yamemtoka, kumkabili yule mwanamke aliyemharibia siku ya mwanawe.

Akamkuta Bi Mwanakuu amepiga magoti kwenye tope, leso yake imetandazwa, kandambili moja mkononi. Kunguru ameshuka hatua chache tu kutoka pale. Kandambili ikaruka ikampata kunguru kwenye mkia. Kisha Bi Mwanakuu akafunua kiganja. Ndani palikuwa na kitu kidogo kama kipande cha gunzi la mahindi, nyoya nusu, kimefumba macho, kimeacha mdomo wazi wa rangi ya machungwa.

"Nini hicho?" Bi Nasiha aliuliza.

"Chozi!"

"Chozi gani?"

"Chozi huyu! Kwani kuna chozi wangapi? Ndege! Mama yake yule ukutani, apiga kelele tangu mvua ianze!"

Bi Nasiha akatazama kiganja, akatazama ukuta. Maji yakimtiririka usoni, wanja umeshuka mpaka shavuni.

"Ndege," alisema.

"Ndege."

"Wiki nzima hii... ni ndege?"

"Wewe ulidhani ni nini?"

"Chozi! Lako! La kulia!"

Bi Mwanakuu akamtazama mwanamke yule kutoka kichwani mpaka miguuni, na hasira yote ya wiki ikapanda mahali pake. "Mimi nikilia hulia *matozi*, Nasiha! Watu wa Mvita tuna mato na matozi, hatujapata kulia chozi tangu kuumbwa! Na mumeo nimemwambia kwenye ngazi: chozi *wangu*, chozi *hafutwi*. Ngeli, mwanangu! Ngeli! Tozi la kulia li kwa ya, kiumbe mwenye roho a kwa wa. Watoto wa darasa la nne walijua!"

Kisha kutoka chini ya turubali mama mkwe akaanza kucheka. Alicheka kwanza puani, halafu akashindwa, akashika nguzo. Mmoja akamwelezea mwingine, na kicheko kikapita mikeka yote. Bi Nasiha peke yake hakucheka. Alikuwa akijifuta wanja kwa ncha ya ushungi.

"Akishaguswa na mtu mama yake hamrudii," mpambaji mmoja alisema. "Ndivyo wasemavyo."

"Wasemao hawakulea," Bi Mwanakuu alijibu. "Arudishwe. Magoti yangu hayapandi ngazi ya Gunga."

Aida alisimama, lakini mikono yake ilikuwa imejaa hina mbichi, haigusi kitu. Wengine wakatazamana. Ni Bi Nasiha aliyenyoosha mkono. Akapokea kinda, akastuka kwa joto lake, akapanda ngazi ya Gunga na nguo yake ya sherehe, vito vikigongana, mpaka akaifikia ile nyumba ya buibui na majani makavu. Akachungulia mlangoni. Alichoona humo hakumwambia mtu, ila alikaa kitambo. Akamwingiza kinda taratibu kwa kidole kimoja.

Kisha akapaza sauti iliyotoka Pumwani moja kwa moja: "Gunga! Njoo ufungue kamba hii sasa hivi, kabla sijaja kukufunga wewe!"

"Wageni wataloa, mama!"

"Na waloe!"

Wakaloa. Kona nzuri yote, wakwe na shangazi zao, maji ya turubali yakawashukia kwa mkupuo mmoja. Mama mkwe aliacha kucheka hapo, na mpaka leo huisimulia siku ile kama mtu aliyevukishwa bahari. Wanawake wakahamia ukumbini ndani, wakabanana, wakaimba hivyo hivyo. Uani wakabaki watu wawili, kila mmoja mlangoni pake, wakitazama tawi. Jike alichukua muda wake. Alikuja ukutani, akaenda, akaja tena. Mwisho akatua, akaingiza kichwa, akatoka bila kiwavi.

"Mmh," alisema Bi Mwanakuu.

Bi Nasiha akaingia ndani.

Mtu angedhani hapo yamekwisha. Hayakwisha. Bi Nasiha alikuwa ameaibika mbele ya wakwe, na mtu aliyeaibika humkwepa shahidi kuliko anavyomkwepa adui. Harusi ikapita, Aida akaingia kwake salama, sahani ya biriani ikashushwa kwa mkono wa mtumishi, na mwenyewe hakuonekana. Waliofuta vikuba wakarudi mmoja mmoja, wakicheka, wakisema "Bi Mwanakuu, si unajua maneno ya watu." Alijua. Aliwauzia, na kila mmoja alimpa kipande chake cha maneno bure. Hakuna hata mmoja aliyesema samahani. Ndege akidhaniwa tozi ni kichekesho. Mjane akidhaniwa mchawi, hilo halina mwenyewe.

Na salamu aliendelea kuzitoa. Alfajiri, akifungua mlango, alikuwa akiinua uso kwenye dirisha la pili lililofungwa: "Salaam alaykum!" Halafu akaenda Marikiti na kinyongo chake.

Asubuhi moja alitoka akakuta mfuko ni mtupu. Makinda walikuwa kwenye kamba ya nguo, wawili bega kwa bega, mikia hawana bado, na jike anawalisha kwa zamu, na dume, utepe kifuani, anaimba kana kwamba kazi ilikuwa yake. Bi Mwanakuu akasimama na kikapu. Hakutabasamu, alikuwa na haki ya kutotabasamu.

"Salaam alaykum," alisema, zaidi kwa mazoea.

Dirisha la pili likafunguka. Bi Nasiha alikuwa pale, hajajitanda vizuri, na kwa vile dirisha lilivyofunguka kimya ilionekana alikuwa hapo kitambo, naye akitazama kamba.

"Wa alaykumu ssalaam," alisema.

Bi Mwanakuu akaendelea kutazama kamba. Bi Nasiha akajitokeza zaidi dirishani.

"Wa rahmatullahi wa barakatuh. Hiyo ni ya leo." Akahesabu kwa kidole. "Na ya jana, wa alaykumu ssalaam. Na ya juzi, wa alaykumu ssalaam. Na ya siku ile uliponizuia njia, wa alaykumu ssalaam, Bi Mwanakuu, na uniwie radhi. Na ile ya kabla yake, wa alaykumu..."

Makinda wakastuka kwa sauti, wakasogeleana kwenye kamba.

"Basi, basi, watishia wana," alisema Bi Mwanakuu, akijitanda leso yake vizuri. "Zilobaki nimekusamehe."